Picha ya Bata na Jina la Bwawa

Watu wa Malindi na Mambrui wamekwisha zoea kuniona siku za Jumamosi nikishuka njia ya mtoni baada tu ya sala ya alfajiri, mkoba begani na suruali nimeikunja mpaka magotini. Wengine hudhani naenda kuvua. Wengine, na hawa ndio wengi, wamepata habari kwamba naenda kupiga picha bata, na jambo hilo huwachekesha mno. Hivi majuzi mzee mmoja niliyeswali naye safu moja alinishika mkono nje ya msikiti, akaniuliza: "Sheikh, ni bata hawa hawa ninaowafuga mimi uani, au wako bata wengine?" Nikamwambia wako wengine. Akatikisa kichwa, akasema kwamba niende nikawapige wake, hawakimbii, tena watanilipa kwa mayai.

Nilicheka pamoja naye, lakini njiani nilifikiri. Mzee yule amezaliwa umbali wa mwendo wa nusu saa kutoka Mto Sabaki. Na swali lake halikuwa la mzaha peke yake. Alikuwa hajui kweli.

Basi makala haya ni jibu langu kwake, na ndani yake mna jambo jingine ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka 2019, nalo nitalieleza baadaye.

Mto Sabaki, ndugu msomaji, haukuanza kuitwa Sabaki. Huko juu huitwa Athi, ukipita Ukambani. Ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia kwetu pwani ndipo huwa Sabaki, ukaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Kila pahali unapopita huchukua chochote unachopewa: maji machafu ya Nairobi, na zaidi udongo. Ndiyo sababu bahari ya Malindi huwa nyekundu wakati wa mvua, na wageni waliolipa fedha nyingi kuja kuogelea husimama ufuoni wamejishika viuno. Utafiti wa matumbawe ya Malindi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba udongo huo ulianza kuzidi mwanzoni mwa karne ya ishirini, mashamba yalipofunguliwa huko juu. Sisi tunalaumu udongo kwa kuharibu pwani, na haki yetu. Lakini udongo huo huo ndio uliofanya tope pana pale mlangoni mwa mto, na nyuma ya michanga ukaacha mabwawa madogo ya maji matamu yenye matete na yungiyungi. Hapo ndipo walipo bata.

Aliye wengi kuliko wote ni yule mwenye uso mweupe, shingo nyeusi na kifua rangi ya hudhurungi. Huyu hasemi kama bata wa uani. Hupiga mluzi, sauti tatu zikifuatana, na kwa kuwa hula usiku, mara nyingi utamsikia akipita juu ya nyumba yako umelala wala hutamwona. Nakumbuka utotoni bibi yangu alipousikia mluzi ule usiku alituambia tunyamaze. Hatukujua kama ni ndege au ni kitu gani, wala hatukuthubutu kuuliza. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nilipomwona mara ya kwanza akipiga mluzi ule mchana kweupe mbele ya lenzi yangu, nikakaa chini kwa kicheko. Mimi humwita bata mluzi. Bata hawa hukaa wawili wawili, mume na mke, wakichanuana manyoya ya shingo kwa zamu, na wote wawili hulea watoto. Katika picha zangu zote, hiyo ya kuchanuana ndiyo watu wa nyumbani huipenda.

Yuko mwingine mdogo kabisa, hata ukimwona kwanza utadhani ni ua lililoanguka majini. Hukaa katikati ya yungiyungi na kula mbegu zake, na hutaga katika shimo la mti. Huyu amenitesa sana. Nimelala kifudifudi katika tope Jumamosi nne kwa ajili yake, na picha niliyopata ni moja, tena kichwa kimejificha nyuma ya jani.

Kaskazi inapoanza kuvuma huja wageni. Hapa nawaomba wasomaji wa Lamu, Mombasa na Malindi wafikiri kidogo. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuwa yakija kwetu na kaskazi, yakirudi na kusi. Bata nao wana safari ya namna hiyo. Yuko bata mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi iliyopakwa chokaa. Huyu huzaa Ulaya na Asia wakati wa kiangazi cha huko, na baridi ikiingia hushuka Afrika. Yuko na yule mwenye mkia mrefu uliochongoka kama sindano. Hufika miezi ya mwisho wa mwaka na kuondoka kabla kusi haijashika nguvu. Mabaharia wale tuliwapa nyumba, tukawaozesha, tukawatungia mashairi. Hawa wengine hatujapata hata kuwapa majina yao.

Na hili la majina ndilo linaloniudhi zaidi. Lugha yetu ina neno kwa kila kamba ya chombo na kila aina ya upepo. Ina heroe, mwari, shakwe. Lakini ukifika kwa bata utaambiwa "bata mwitu" na mambo yamekwisha, kana kwamba wote ni mmoja. Bata mkubwa mwenye shingo ndefu tunamwita bata bukini, na Bukini, kama wazee wanavyojua, ni jina letu la zamani la Madagaska. Mimi nilipokwenda Mto Tana, upande wa Garsen, niliwapiga picha mabata bukini wa namna mbili, mmoja yule wa Misri mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho, ambaye Wamisri wa kale walimchora katika kazi zao, na mwingine mweusi mkubwa mwenye mwiba katika bawa lake. Hakuna kati yao aliyetoka Bukini. Wote ni wa bara hili. Ajabu ni kwamba yuko ndege atokaye Bukini kweli kweli, mdogo, anafanana na mbayuwayu, naye hukusanyika kwa wingi hapa mlangoni mwa Sabaki wakati wa kusi. Huyo jina la Bukini hatukumpa.

Nitarudi kwenye kamera. Nilianza siku za filamu, picha 36 kwa kila filamu, na kuzisafisha kulikuwa na gharama. Mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Sikuwa na bata akilini; nilipiga picha za harusi, za Idi, za watoto waliovishwa kanzu mpya na kofia zinazowafunika masikio. Ndivyo ilivyokuwa kazi ya picha katika pwani yetu. Studio ya marehemu Omar Said Bakor pale Lamu ilijulikana mbali kwa ufundi wake wa kukata na kuunganisha picha, na waliokaa mbele ya kamera zetu siku hizo walikuwa watu, wamevaa vizuri, wamekaa sawasawa. Mto haukukaa mbele ya kamera ya mtu yeyote. Waliouelekezea kamera walikuwa wageni, na ndiyo maana leo ukitaka kuona picha nzuri ya bata wa Sabaki utaipata katika kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya watu wengine, na jina lililo chini yake ni la watu wengine.

Najua wako watakaoniuliza habari ya picha yenyewe. Ami yangu, ambaye ndiye aliyenisomesha juzuu ya kwanza, hajapata kuipenda kazi hii. Wanavyuoni wamehitilafiana katika picha za viumbe vyenye roho, na mimi si mwanachuoni. Waliosoma wataendelea kulizungumza. Nilimwambia tu: "Ami, mimi siumbi kitu. Nashika mwanga uliompiga bata aliyekwisha umbwa." Akanijibu: "Hiyo mwanga uliiona wewe. Bata je, aliridhika?" Tulikuwa tumekaa barazani, na kahawa ilikuwa bado ya moto, na mimi nilidhani ananitania. Katika Sura ya Al-Mulk tunatakiwa tuwatazame ndege walio juu yetu, na nilitaka kumtajia hiyo, lakini yeye aliihifadhi kabla mimi sijazaliwa, nikanyamaza.

Sasa swali lile la ami nimeliona lina uzito kuliko nilivyodhani.

Siku hizi wapiga picha wamekuwa wengi, jambo ambalo mimi nalifurahia. Vijana wa kwetu wananunua kamera, na simu zenyewe zina macho makali. Lakini wako wanaotaka picha ya bata akiruka, kwa kuwa picha ya bata akiruka hupendwa zaidi. Bata haruki kwa kuombwa. Basi nimewaona kwa macho yangu wakimpa mtoto shilingi hamsini arushe mawe bwawani, kundi zima linyanyuke, wao wabonyeze picha mia mbili kwa dakika moja. Kisha wanaondoka. Kundi huzunguka hewani, linarudi, na saa moja baadaye anakuja mwingine na mtoto mwingine na mawe mengine.

Ndugu msomaji, bata aliyetoka upande wa pili wa dunia hakuja hapa kustarehe. Amekuja kula, apate mafuta mwilini ya kumrudisha. Kila akinyanyuliwa kwa mawe anatumia kile alichokuja kukitafuta. Na mwenye vifaranga majini akinyanyuliwa, vifaranga havinyanyuki. Hubaki pale pale na mwewe anaona. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya anayerusha jiwe ale nyama na anayerusha jiwe apate picha, ila kwamba wa kwanza alikuwa na njaa.

Bata anayeruka hupatikana bila mawe. Jua likikaribia kuchwa, bata mluzi huondoka wenyewe kwenda kula. Kaa upande ambao upepo unakotoka, kwa sababu bata hupenda kunyanyuka akiuelekea upepo, naye atakuja kwako. Lala chini ili lenzi iwe sawa na maji. Usivae kanzu nyeupe. Nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe nilikwenda na kanzu siku ya kwanza, na hapakubaki ndege hata mmoja tangu mtoni mpaka baharini. Tena tazama mamba na viboko kabla ya kutazama bata. Wako, na hawapendi kupigwa picha.

Hayo ni makosa ya watu wengine, na makosa ya watu wengine ni rahisi kuandika. Langu ni hili.

Mwaka 2019, mwezi wa Agosti, nilipata picha ambayo nilikuwa nikiitafuta kwa miaka. Mvua za mwaka zilikuwa zimejaza bwawa moja nyuma ya michanga, na ndani yake walikuwamo bata mluzi wengi na wengine wenye nundu juu ya mdomo, wote wamekaa, hawaruki. Nilisogea karibu kuliko nilivyopata kusogea. Nilidhani ni ustadi wangu. Nilirudi nyumbani nimejaa majivuno, nikaituma picha ile katika kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, nikaandika chini yake jina la bwawa na njia ya kufika, upande gani wa daraja, mti gani wa kukata kona. Nilitaka watu wa kwetu waende wakaone. Nia yangu ilikuwa hiyo, na Mungu ndiye ajuaye nia.

Jambo ambalo sikulijua siku ile ni kwamba bata hupukutisha manyoya yake makubwa ya mabawa yote kwa pamoja. Si kama njiwa au kunguru, ambaye hudondosha moja moja na kuendelea kuruka. Bata akishamaliza kulea hukaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka kabisa, mpaka manyoya mapya yaote. Wale hawakuwa wametulia kwa ajili yangu. Walikuwa hawawezi kwenda popote.

Siku ya tisa ami alinipigia simu niende kwake. Nilikuta vijana watatu wamesimama mlangoni na gunia. Walikuwa wamekuja kumwuzia bata, bei nafuu, na walikuwa na adabu zote. Ami aliwaambia wafungue gunia. Walikuwa bata kumi na saba, wengine wamenyongwa shingo na wengine wamekufa humo humo wakigandamizana. Ami aliuliza swali moja: "Nani aliyechinja?" Hawakujibu. "Basi hivi ni vibudu," akasema, "hamwezi kuvila wala kuviuza kwa Mwislamu. Mmewaua kwa faida ya nani?" Mmoja wao, labda akidhani itamsaidia, alitoa simu akamwonyesha picha yangu, na maneno yangu chini yake, kueleza walivyojua pahali.

Ami hakunikemea. Alinitazama tu, akaingia ndani.

Nataka nifahamike vizuri. Bata ni halali, na mimi nimekula bata na nitakula. Vijana wale walikuwa hawana kazi, na gunia lile lilikuwa ni chakula cha nyumba tatu. Sikuja hapa kuwashitaki. Uwindaji wa wanyama umepigwa marufuku katika nchi hii tangu mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 iko, lakini sheria haijui njia ya bwawa lile. Mimi nilikuwa naijua, na mimi ndiye niliyeitangaza.

Wako rafiki zangu walioniambia baada ya hapo kwamba basi kamera iwekwe kabatini. Sikubaliani nao. Huko Bunyala, katika mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya, ndege wa maji walikuwa wakiuawa kwa kabofurani, dawa ya kuulia wadudu, kisha wakiuzwa kwa watu wale. Picha zilizopigwa pale ni sehemu ya ushahidi uliowafanya watu waamini, kwani kabla ya hapo yalikuwa maneno tu. Na Bonde la chini la Mto Tana, ambalo mwaka 2012 liliandikishwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za ulimwengu, limegombaniwa na miradi ya miwa na mingineyo, na katika ugomvi ule waliokuwa na picha za bonde limejaa maji na ndege walisikilizwa kuliko waliokuwa na huzuni peke yake. Kila Januari watu hujitolea kuhesabu ndege wa maji katika nchi yetu, na picha moja ya kundi lililokaa, iliyopigwa kwa utulivu, huhesabika vizuri kuliko jicho.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba tupige picha, tena tupige sisi, watu wa hapa. Ila pahali pasitajwe. Tuseme "Mto Sabaki" au "Mto Tana", inatosha; jina la bwawa na mti wa kukata kona vibaki kwa mpigaji. Simu za kisasa nazo huandika pahali ndani ya picha bila kukuuliza, na mwenye kuituma azime hilo kwanza. Nafasi ile tuliyokuwa tukiandika njia, tuandike jina la ndege. Kama jina halipo, tuulize wavuvi wa pale, Wagiriama na Wapokomo waliokaa na mito hii kabla ya kamera, na wao wakiwa nalo tulichukue. Kama hata wao hawana, tuliunde, watu walikatae au walipokee. Bata mluzi nimekwisha litoa. Atakayekuja na bora kuliko hilo nitaliacha.

Yule mzee wa bata wa uani nilimpelekea picha tatu zilizochapishwa. Alizitazama kwa miwani, kisha bila miwani. Ya wawili wanaochanuana aliishika kwa muda mrefu, akasema huu mluzi aliusikia usiku maisha yake yote na alidhani ni mashetani. Ami pia nilimpelekea. Alikataa isitundikwe ukutani, lakini mke wake ameniambia imo ndani ya bahasha, pamoja na hati za shamba.

Kaskazi inakaribia kuanza, na Jumamosi nitashuka. Atakayeniuliza bata wako bwawa gani, nitamwambia wako ng'ambo ya mto, wala sitamwambia ng'ambo ipi.